Anza na Choo: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mahali pa Vyoo vya Shule Dar es Salaam

Ramani ya shule mara nyingi huchorwa hivi: madarasa kwanza, kisha ofisi ya mwalimu mkuu, stoo, uwanja wa mpira na mlingoti wa bendera. Mwisho kabisa mtu anauliza, "Na choo je?" Kidole kinatafuta kona iliyobaki tupu, na hapo choo kinapewa makazi ya miaka thelathini. Nimesimamia ujenzi wa shule za msingi na sekondari jijini kwa muda mrefu, na vyoo vingi nilivyoitwa kuvikarabati vilikuwa na matofali mazuri na zege zuri. Tatizo lilikuwa mahali vilipowekwa, na mahali hapakarabatiki.

Kwa hiyo mwongozo huu una ombi moja kubwa: penseli ikishika karatasi, iguse choo kabla ya darasa. Nimeuandika kwa ajili ya kamati za shule, walimu wakuu, wenye shule binafsi na mafundi wanaoachiwa uamuzi huu kwa kuwa hakuna mwingine anayeutaka. Utahitaji daftari, tepu ya kupimia, mpira wa maji wa fundi wa kupimia usawa, jembe na sururu, mambo za mti (vigingi) na kamba, pamoja na siku tatu nne za kutembea kiwanjani bila haraka. Ukiweza kuchagua mwezi, chagua Mei. Sababu utaiona mbele.

Hatua ya kwanza: hesabu watoto, kisha hesabu dakika

Kiwango kinachotumika Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Walimu wana vyoo vyao, wanawake mbali na wanaume mbali. Tuchukue shule ya watoto 900, wasichana 460 na wavulana 440. Wasichana wanahitaji matundu 23. Wavulana ukigawa unapata 17 na ushee, kwa hiyo ni 18. Jumla ni matundu 41, na hapo bado hujaweka choo cha walimu. Ukiona idadi hiyo ndipo utaelewa kwa nini kona iliyobaki haiwezi kutosha.

Wapo wanaokiona kiwango hiki kama anasa ya wakaguzi. Fanya hesabu ya foleni. Mapumziko ya saa nne ni nusu saa. Msichana akitumia dakika 3 tangu kuingia hadi kutoka, tundu moja litahudumia wasichana 10 tu kwa nusu saa hiyo, yaani nusu ya wale 20 waliopangiwa. Sasa weka choo mbali, dakika 2 za kwenda na 2 za kurudi. Zinabaki dakika 26, na tundu lile lile linahudumia wasichana 8. Umbali unakula matundu. Unaweza kujenga matundu 23 halafu mahali ulipoyaweka pakakunyang'anya manne au matano bila wewe kujua.

Shule nyingi za msingi za jiji hili husoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana. Mimi huhesabu matundu kwa zamu iliyo kubwa, lakini shimo nalihesabu kwa watoto wote, maana shimo halijui zamu. Ongeza pia watoto watakaokuja. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, shule zilipokea watoto wengi kuliko madawati, na vyoo vilivyokuwepo vikabaki vile vile. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Acha nafasi tupu ubavuni mwa kila jengo la choo, iandike kwenye ramani kwamba ni ya matundu ya baadaye, na usimruhusu mtu kuweka banda la pikipiki hapo.

Hatua ya pili: uliza ardhi

Hapa ndipo Mei inapohitajika. Masika hapa Dar huanza Machi na kuishia Mei, na maji ya chini ya ardhi huwa yamepanda. Ukichimba shimo la majaribio Septemba, ardhi itakudanganya kwa ukavu wake. Chimba sehemu mbili au tatu unazozifikiria, mita 3 kwenda chini, funika vizuri watoto wasitumbukie, uache usiku mzima. Asubuhi pima kutoka usawa wa ardhi mpaka maji yalipo. Kati ya kitako cha shimo la choo na maji hayo pawe na angalau mita 1.5 ya udongo mkavu. Usipoipata, ardhi imeshakujibu kwamba hapo hapachimbwi choo cha shimo.

Wakati wa kuchimba, tazama kinachotoka. Mchanga wa pwani hunyonya maji haraka, jambo linalomfurahisha fundi, lakini huyapeleka mbali kabla hayajachujika. Tena kuta za shimo humomonyoka, kwa hiyo lazima lijengewe. Udongo mzito wa mfinyanzi wa vilima vya pembeni hunyonya polepole, na shimo la kupokea maji likiwa dogo litafurika kwenye mvua ya kwanza ya vuli.

Kisha tafuta visima. Choo kikae angalau mita 30 kutoka kisima chochote cha maji, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Nasema chochote kwa sababu watu hupima kisima cha shule peke yake. Panda juu ya tofali, chungulia ng'ambo ya ukuta. Nyumba nyingi za Dar zina visima vyao, na jirani anayechota hapo kupikia hana habari na ramani yako. Nenda kapige hodi, mwamkie, mwombe akuonyeshe. Kipindupindu kilipozuka hapa Agosti 2015, kila mtu alikumbushwa kwamba maji ya chini hayana uzio.

Kuhusu mabonde, sina la kubembeleza. Watu wa Jangwani, Kigogo na sehemu zote zinazofuata Mto Msimbazi wanakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kufanya familia nyingi zihamishiwe Mabwepande. Shule yako ikiwa kwenye ardhi ya namna hiyo, uliza wazee wa mtaa maji yalifika wapi ukutani. Watakuonyesha kwa kidole, na alama hiyo ina thamani kuliko ramani yoyote. Sakafu ya choo ikae juu yake, na kifuniko cha shimo vile vile. Maji yakiingia shimoni, yanatoka na kila kilichomo na kukipeleka uwanjani ambako watoto wanacheza.

Ukilazimika kuinua choo, kumbuka rampu. Mtoto wa kitimwendo anahitaji mteremko usiozidi 1 kwa 12. Choo kilichoinuliwa sentimita 60 kinadai rampu ya mita 7.2, ukiacha sehemu bapa za kupumzikia na kugeukia mwanzo na mwisho. Mita hizo zitoke kiwanjani leo. Nimeona rampu zilizobanwa zikawa kali kama paa la nyumba, na kwenye rampu ya namna hiyo mtoto anasukumwa na wenzake wawili huku watatu wakiangalia.

Hatua ya tatu: upepo, jua na kibla

Hili ndilo jambo ambalo Dar es Salaam imetupa bure, na hatulitumii. Upepo wa kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, ukitokea kaskazini mashariki. Kusi hushika baada ya masika na huvuma katikati ya mwaka, ukitokea kusini na kusini mashariki. Mchana upepo wa bahari nao huingia kutoka mashariki. Pepo hizi zina misimu tofauti, lakini ukizichora kwenye ramani ya kiwanja zote zinasukuma harufu upande mmoja, magharibi. Kwa hiyo, ardhi ikikuruhusu, weka vyoo magharibi ya madarasa, na weka jiko na eneo la mama wauza maandazi na kachori upande mwingine kabisa.

Usilichukue hili kwa maneno yangu. Alfajiri za Juni na Julai upepo unaweza kutoka bara, na ghorofa la jirani linaweza kuugeuza kabisa. Simika mti mrefu kiwanjani, funga kitambaa chepesi juu yake, uandike kinakoelekea saa mbili asubuhi, saa sita na saa tisa mchana, kwa siku kadhaa. Mpe kazi hiyo mwanafunzi wa darasa la sita pamoja na daftari. Ataifanya kwa uaminifu kuliko wewe.

Jengo la darasa hulazwa mashariki–magharibi ili kuta ndefu zisichomwe na jua la asubuhi na jioni. Mafundi huiga hivyo hivyo kwenye choo, na hapo wanakosea. Mtu hakai chooni saa nzima. Choo kinataka jua likaushe sakafu na upepo upite kati yake, kwa hiyo jengo lake linafaa kulazwa kaskazini–kusini, upande mrefu ukipokea upepo wa bahari.

Na kuna jambo jingine, ambalo katika jiji hili ni la heshima ya watu. Dar es Salaam na Makka zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, hivyo kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo mno. Mwislamu hutakiwa asikielekee kibla wala kukipa mgongo akiwa katika haja. Sinki la kuchuchumaa kwa kawaida hufuata urefu wa chumba, kutoka mlangoni kwenda ukuta wa nyuma. Jengo likilazwa mashariki–magharibi, masinki yote yataelekea kaskazini au kusini, na watoto Waislamu wa shule watakuwa wanaambiwa nyumbani hivi na shuleni wanalazimishwa vile. Ukililaza kaskazini–kusini, masinki yanaelekea mashariki au magharibi, na suala limekwisha bila senti moja ya ziada. Niliwahi kuona shule ambayo wazazi walilalamikia hili baada ya sakafu kumwagwa. Masinki kumi na mawili yaling'olewa kwa nyundo.

Iwapo choo ni cha shimo chenye bomba la hewa, basi mlango uelekee upepo unakotoka, bomba lipakwe rangi nyeusi na kusimama upande unaopata jua, na lipande angalau sentimita 50 juu ya bati likiwa na wavu wa nzi kichwani. Usikiweke chini ya mwembe. Kivuli ni kitamu, lakini mwembe unazuia upepo na kuficha jua, na bomba linakosa nguvu ya kuvuta hewa.

Hatua ya nne: tembea njia ya msichana

Katika hatua zote, hii ndiyo ninayoomba usiifanye haraka. Kuna shule moja niliyofanyia kazi, vyoo vya wasichana vilikuwa nyuma ya stoo, vikitenganishwa na barabara ya mtaa kwa ukuta mfupi. Nje ya ukuta vijana walikuwa na kijiwe. Vyoo vilikuwa safi kila nilipopita, nami nikamsifia mwalimu mkuu. Baadaye mwalimu wa malezi akanieleza kwa sauti ya chini: vilikuwa safi kwa sababu wasichana hawaendi. Walikuwa hawanywi maji tangu asubuhi ili wafike saa nane bila kuhitaji choo. Wakiwa kwenye hedhi walibaki nyumbani. Tangu siku hiyo sijawahi kusifia choo kikavu kabla ya kuuliza.

Basi simama kwenye mlango wa darasa la mbali zaidi. Tembea mpaka pale unapofikiria choo cha wasichana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kwa shule unataka choo kisiwe mbali zaidi ya mita 30 kutoka kwa mtumiaji. Kwenye kiwanja kikubwa kipimo hicho kinamaanisha kwamba jengo moja la choo halitoshi. Gawanya yale matundu 23 katika majengo mawili au matatu, kila moja likihudumia madarasa yaliyo karibu nalo. Ukihofia harufu, ichukulie harufu kama suala la upepo, maji na usafi. Ukiitibu kwa umbali, msichana ndiye atakayelipa.

Ukiwa njiani, geuka utazame nyuma. Je, unaonekana kutoka angalau dirisha moja la darasa au ofisi ya walimu? Unapaswa kuonekana. Njia ya choo iwe wazi machoni pa walimu mpaka mlangoni, kisha ukuta wa stara uanze hapo, mrefu kuliko mtu mzima, ili anayeingia chumba gani asijulikane. Watu huchanganya mambo haya mawili. Wanadhani faragha ni kujificha, wanakisukuma choo kichakani, na kichaka kinawaficha pia wasiotakiwa. Njia iwe ya wote, chumba kiwe cha mmoja.

Vyoo vya wavulana viwe jengo jingine, mlango ukielekea upande mwingine na njia ikiwa nyingine. Ukuta mmoja uliogawa jengo katikati hautoshi. Sauti inapita, na matundu ya kuchungulia hutobolewa kwa msumari kabla muhula haujaisha. Sehemu ya wavulana ya haja ndogo isionekane kutoka popote wasichana wanapopita. Madirisha ya vyoo yakae juu, mita 1.8 kutoka sakafuni, na yasielekee ghorofa la jirani. Inua macho uhesabu vibaraza vinavyotazama kiwanja chako, maana kila mwaka vinaongezeka.

Katika kila jengo la wasichana, tenga chumba kimoja kipana kwa ajili ya hedhi. Kiwe na koki ndani, kijishubaka cha kuweka vitu vikavu, kioo, chombo chenye mfuniko cha taulo zilizotumika, na komeo linalofunga kweli. Mahali pake ni muhimu kama vilivyomo. Kisiwe mwisho wa korido wala peke yake penye mlango wa rangi tofauti, kwa sababu kila aingiaye atakuwa ametangaza hali yake kwa shule nzima. Kiweke katikati ya safu, mlango wake ukifanana na mingine. Kichomea taka kiwe nyuma ya jengo hilo hilo, upande wa magharibi, kwa namna ambayo msichana au mhudumu hatabeba chombo akikatiza uwanja.

Watoto wa awali wanataka choo chao kando ya darasa lao, tundu likiwa jembamba, hatua za miguu zikiwa zimekaribiana, na mwanga wa kutosha. Mtoto wa miaka mitano huogopa giza na shimo, na ana haki ya kuogopa. Chumba cha mwenye ulemavu kiwe karibu na mlango mkuu wa jengo, upana wa mlango usipungue sentimita 80, ndani pawe na nafasi ya mita 1.5 ya kitimwendo kugeuka, vyuma vya kujishikilia na choo cha kukaa. Kisifanywe stoo ya mafagio. Nimevikuta vingi vikiwa hivyo, tena kwa sababu vilijengwa pembeni ambako mwenye ulemavu hafiki lakini fagio linafika.

Kabla hujaondoka kwenye hatua hii, waulize wenyewe. Mwombe mwalimu wa malezi akae na wasichana kumi wa madarasa tofauti, bila wewe na bila mwanamume yeyote, na awaulize swali moja: sehemu gani ya shule hawapendi kupita peke yao? Akuletee majibu yakiwa yamechorwa kwenye ramani. Kila alama hapo ni mahali ambapo njia ya choo haitapita.

Hatua ya tano: kama shule ni ya ghorofa

Ardhi ya Ilala na Kinondoni imebana, na shule zinapanda juu. Kila sakafu iwe na vyoo vyake, wasichana kwenye ncha moja ya korido na wavulana kwenye ncha nyingine, kila upande karibu na ngazi. Mtoto wa ghorofa ya tatu hawezi kushuka na kupanda ndani ya mapumziko akabaki na muda wa kula.

Vyoo vibebane: cha juu kikae sawasawa juu ya cha chini, ili mabomba wima yashuke moja kwa moja. Mchoraji akikuletea choo cha ghorofa ya pili juu ya darasa au jiko la ghorofa ya kwanza, mrudishie ramani. Siku slabu itakapopenyeza maji, na ipo siku itapenyeza, tone litaangukia daftari la mtoto au sufuria la uji. Slabu ya choo ishushwe chini ya ile ya korido, izibwe kwa dawa ya kuzuia maji, kisha ijazwe maji na kuachwa siku mbili nzima kabla ya kuweka vigae. Ukuta ambamo mabomba yanapita uwe na mlango wa fundi kutokea koridoni. Mabomba yaliyofukiwa ndani ya plasta hutengenezwa kwa kubomoa.

Hatua ya sita: maji, na mahali pa kunawa

Choo cha kumwagia maji bila maji ni kibaya kuliko cha shimo. Mwongozo ule ule wa 2009 unakadiria lita 5 kwa mtu kwa siku kwa mahitaji ya kawaida ya shule, na lita 1.5 hadi 3 zaidi kwa choo cha kumwagia. Watoto 900 kwa lita 8 ni lita 7,200 kwa siku. Tenki la lita 10,000 linakupa siku moja na kidogo tu, na sisi tunajua mgao wa maji wa jiji hili unavyoweza kwenda siku tatu. Kwa hiyo weka nafasi ya matenki zaidi ya moja, pamoja na mabomba ya kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati la darasa. Mnara wa tenki ukae karibu na vyoo, juu kuliko koki ya juu kabisa.

Koki za kunawia ziwekwe nje ya ukuta wa stara, kwenye njia ya kurudi darasani, mbele ya macho ya watu. Mtoto hunawa zaidi akionwa na akikutana na maji njiani, kuliko akiambiwa ageuke kuyafuata. Ziwe za vimo viwili, sabuni ikiwa imefungwa kwa kamba ndani ya soksi ya wavu isichukuliwe. Pasipo bomba, kibuyu chirizi kinafanya kazi nzuri, ila kinataka mwalimu wa zamu wa kukijaza. Maji yanayomwagika yapelekwe kwenye migomba, yasituame na kuzalisha mbu.

Hatua ya saba: gari la majitaka litapita wapi?

Swali hili husahaulika kabisa. Shimo litajaa, siku gari litaitwa, nalo halirukii ukuta. Tembea kutoka geti hadi shimo ukiwa na tepu, ukifikiria gari kubwa linalorudi nyuma. Kona zipo? Waya wa umeme uko juu kiasi gani? Kuna mfereji wazi wa kukanyagwa? Kama gari haliwezi kufika, uliza watoa huduma wa eneo lako mpira wao una urefu gani, na shimo likae ndani ya urefu huo. Kifuniko kiwe pembeni ya jengo, nje, kizito na chenye kufuli, kamwe kisiwe katikati ya uwanja au njia ya watoto.

Mtandao wa majitaka wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ukipita karibu, mambo ni mepesi zaidi, lakini pima kwanza. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa takriban 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Choo kilicho mita 40 kutoka chemba ya mtaani kitashuka mita 1 nzima. Tumia mpira wa maji kujua kama chemba ile iko chini kiasi hicho. Isipokuwa hivyo, ni afadhali kusogeza choo leo kwa penseli kuliko kulaza bomba bapa litakalozibuliwa kila mwezi. Bomba lipite mahali wazi, likiwa na chemba kila linapokata kona, wala lisipite chini ya darasa.

Hatua ya nane: piga mambo, kisha acha watoto wapite

Sasa una alama za maji, upepo, njia, gari na idadi. Hazitakubaliana zote. Magharibi inaweza kuwa upande wa chini wa kiwanja kunakojaa maji, na sehemu kavu ikawa nyuma ya ukuta wa kijiwe. Ninapolazimika kuchagua, huanza na maji ya kunywa, maana sumu ya kisimani haina dawa ya ramani. Pili hulinda njia ya msichana. Upepo huja baada ya hapo, kwa kuwa harufu inaweza kupunguzwa kwa maji na mhudumu mzuri anayelipwa kwa wakati. Gari la majitaka ni la nne. Sura ya shule inavyoonekana kutoka barabarani ni ya mwisho kabisa, ingawa kwenye vikao ndiyo husemwa kwanza.

Piga mambo kwenye pembe za kila jengo la choo, zungushia kamba, na mwaga chokaa kwenye njia. Mwite mhandisi wa halmashauri na afisa afya wa kata wakiwa wote wawili siku moja, wasije mmoja baada ya mwingine na kauli mbili. Kabla hawajaweka saini, omba mapumziko mawili ya shule. Watoto waende kwenye kamba kama wangeenda chooni, wapange foleni, warudi, huku wewe ukishika saa. Utaona wanapogongana, wanapokatiza uwanja wa mpira, na wanaporudi mbio kengele inapolia.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, msichana wa darasa la saba alisimama kwenye mlango wa kamba, akatazama huku na huku, akasema, "Shikamoo fundi. Hapa dirisha la darasa la wavulana linatuona." Nilichuchumaa mpaka macho yangu yakawa kimo chake. Kweli lilikuwa linaona. Tuling'oa mambo nne tukazisogeza mita sita, akasimama tena, akatikisa kichwa kukubali, na Jumatatu iliyofuata msingi ukachimbwa.